Kutoka Dawa hadi Chanzo: Historia ya Nadharia Tete ya Monoamini katika Kueleza Sonona, 1951 hadi 2023

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna wazo kwamba sonona husababishwa na upungufu wa kemikali fulani katika ubongo lilivyozaliwa, lilivyoenea na lilivyopoteza nguvu. Kwa kutumia machapisho ya kitabibu ya kipindi husika, makala inaonesha kwamba wazo hilo halikutokana na uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa, bali lilitokana na uchunguzi wa dawa. Watafiti walianza na dawa zilizogunduliwa kwa bahati, wakabaini zinachofanya katika seli za neva, kisha wakakisia kwamba ugonjwa ni kinyume cha kitendo hicho. Makala inadai kwamba hatua hiyo ya kutoka dawa hadi chanzo ndiyo iliyoipa nadharia tete ya monoamini nguvu yake, na ndiyo pia iliyoifanya ibebe zaidi ya ilivyoweza kuthibitisha. Hata hivyo, makala inatahadharisha dhidi ya kosa la pili, yaani kudhani kwamba nadharia ikianguka, dawa nazo huanguka pamoja nayo.

1.0 Utangulizi

Sonona si huzuni ya kawaida. Mtu aliyefiwa huhuzunika, lakini bado huweza kufarijika, kula na kucheka kidogo anapotembelewa na jamaa. Mgonjwa wa sonona hupoteza raha hata katika mambo aliyoyapenda, hukosa usingizi au hulala kupita kiasi, huchoka bila kufanya kazi, hujiona hana thamani, na wakati mwingine hutamani kufa. Katika vigezo vya kitabibu vinavyotumika sasa, hali hii huhesabiwa kuwa ugonjwa inapodumu kwa muda usiopungua wiki mbili na kuvuruga maisha ya mhusika.

Mgonjwa wa aina hii anapomuuliza daktari kwa nini yuko hivyo, jibu analopewa lina uzito. Likiwa jibu la lawama, humzidishia maumivu. Likiwa jibu la kemikali, huweza kumpunguzia aibu, lakini pia huweza kumfanya aamini kwamba ubongo wake una kasoro ya kudumu. Kwa zaidi ya miaka thelathini, jibu lililotolewa mara nyingi nchini Marekani na Ulaya, na kusambaa kutoka huko, lilikuwa kwamba serotonini katika ubongo wake imepungua. Makala hii inauliza swali la kihistoria: jibu hilo lilitoka wapi, na liliegemea ushahidi gani?

Hoja kuu ya makala ni kwamba nadharia tete ya monoamini ilijengwa kinyumenyume. Kwa kawaida tunatarajia sayansi ya tiba ianze na ugonjwa, itafute chanzo, kisha itafute dawa. Hapa dawa zilitangulia, na chanzo kilikisiwa kutokana nazo. Makala inafuata historia hiyo kwa mpangilio wa wakati, kisha inatathmini mantiki yake.

2.0 Fikra Zilizokuwapo kabla ya 1951

Wazo kwamba huzuni kubwa lina asili ya kimwili ni la kale. Waganga wa Ugiriki wa kale walilihusisha na nyongo nyeusi, mojawapo ya vimiminika vinne vilivyodhaniwa kutawala afya ya mwili, na neno walilolitumia, melankolia, lina maana hiyo hasa. Wazo hilo lilichukuliwa na waganga walioandika kwa Kiarabu na baadaye likarudi Ulaya, ambako lilidumu kwa karne nyingi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mikondo miwili ilishindana. Emil Kraepelin, nchini Ujerumani, aliyaona magonjwa ya hisia kuwa magonjwa ya mwili yenye mwendo wake maalumu. Sigmund Freud, katika insha yake ya 1917 kuhusu maombolezo na melankolia, aliyaeleza kwa kutumia upotevu na hasira iliyogeuzwa ndani ya nafsi. Katika tiba, njia iliyokuwa na nguvu zaidi ilikuwa mshtuko wa umeme, ulioanzishwa Roma mwaka 1938 na Ugo Cerletti na Lucio Bini. Njia hiyo ilisaidia wagonjwa wengi wa sonona kali, ingawa hakuna aliyeweza kueleza ilifanyaje kazi.

Jambo moja la kipindi hiki linahitaji kukumbukwa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, wanasayansi walikuwa bado wakibishana iwapo seli za neva ndani ya ubongo huwasiliana kwa umeme au kwa kemikali. Serotonini iliripotiwa kuwamo katika ubongo mwaka 1953 na Betty Twarog na Irvine Page. Marthe Vogt, akifanya kazi Edinburgh, alionesha mwaka 1954 jinsi noradrenalini ilivyosambaa katika sehemu mbalimbali za ubongo. Kwa hiyo kemikali ambazo baadaye zingebebeshwa mzigo wa kueleza sonona zilikuwa ngeni kabisa wakati dawa za kwanza zilipojitokeza.

3.0 Dawa Mbili Zilizopatikana kwa Njia ya Pembeni

Dawa ya kwanza ilitoka katika vita dhidi ya kifua kikuu. Mwaka 1951 wanakemia wa kampuni ya Hoffmann-La Roche, katika mji wa Nutley, New Jersey, walitengeneza iproniazidi, ndugu wa karibu wa isoniazidi. Mwaka 1952 madaktari Irving Selikoff na Edward Robitzek waliijaribu kwa wagonjwa wa kifua kikuu katika Hospitali ya Sea View, kisiwani Staten Island. Wagonjwa waliokuwa wakisubiri kifo walipata hamu ya chakula na uchangamfu usio wa kawaida, na magazeti yalichapisha picha zao wakifurahi wodini. Katika mwaka huohuo Ernst Albert Zeller na wenzake, huko Chicago, waligundua kwamba iproniazidi huzuia kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi. Kimeng'enya hiki ndicho kinachovunja monoamini, kundi la kemikali linalojumuisha serotonini, noradrenalini na dopamini.

Hapa historia inaonesha jambo ambalo masimulizi ya baadaye yalilisahau. Isoniazidi, ambayo hadi leo ni sehemu ya tiba ya kifua kikuu, haizuii kimeng'enya hicho kwa kiwango cha maana. Pamoja na hayo, mwaka 1953 madaktari Harry Salzer na Max Lurie wa Cincinnati waliripoti kwamba wagonjwa wengi wa sonona waliowapa isoniazidi walipata nafuu. Ripoti hiyo haikuingia katika nadharia iliyofuata, kwa sababu haikuwa na mahali pa kukaa ndani yake. Iliyoingia ni ripoti ya 1957 ya Nathan Kline na wenzake, wa Hospitali ya Rockland State katika Jimbo la New York, kuhusu iproniazidi. Dawa hiyo ilitumiwa na watu wengi kwa muda mfupi, kisha ikaondolewa katika soko la Marekani mwaka 1961 kwa sababu ya madhara yake kwa ini.

Dawa ya pili ilitoka Uswisi. Kampuni ya Geigy ya Basel ilikuwa na kiambato kinachofanana kimuundo na klopromazini, dawa mpya ya skizofrenia. Roland Kuhn, daktari wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Münsterlingen kando ya Ziwa Constance, aliijaribu kwa wagonjwa wa skizofrenia, na haikufaa. Kuanzia Januari 1956 aliwapa wagonjwa wa sonona, na akaona nafuu ya wazi. Alichapisha matokeo ya wagonjwa 40 mwezi Agosti 1957, kisha akayawasilisha Zurich mwezi Septemba, katika kongamano la pili la dunia la tiba ya magonjwa ya akili, mbele ya wasikilizaji wachache. Dawa hiyo ikaitwa imipramini.

Kuhn hakutumia kundi la kulinganisha wala mizani ya kupima dalili. Alitegemea macho yake na maelezo ya wagonjwa na wauguzi. Utafiti wa wanahistoria uliochapishwa mwaka 2019 umeonesha pia kwamba, katika miongo iliyofuata, dawa nyingi ambazo zilikuwa bado hazijaidhinishwa zilijaribiwa Münsterlingen kwa idadi kubwa ya wagonjwa, mara nyingi bila wao kuelezwa ipasavyo. Ugunduzi wa imipramini hauwezi kutenganishwa na mazingira hayo. Wagonjwa waliotoa ushahidi wa kwanza hawakuulizwa kama walitaka kuutoa.

4.0 Resepini na Kuzaliwa kwa Nadharia Tete

Kiungo cha tatu kilitoka katika mmea wa India, Rauwolfia serpentina, uliotumiwa tangu zamani katika tiba za huko. Mwaka 1952 watafiti wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, walitenga resepini kutoka katika mizizi yake. Resepini ilipata umaarufu kama dawa ya shinikizo la damu. Punde madaktari wakaanza kuripoti kwamba baadhi ya wagonjwa wao walipatwa na sonona.

Mwaka 1955 Alfred Pletscher, Parkhurst Shore na Bernard Brodie, katika taasisi ya taifa ya moyo iliyoko Bethesda, Maryland, walionesha kwamba resepini hupunguza serotonini katika ubongo wa wanyama. Wanyama waliopewa dawa hiyo walizubaa na kukosa mwendo. Waliopewa iproniazidi kwanza hawakuzubaa, bali walichangamka. Kwa watafiti wa wakati huo picha ilianza kukamilika: dawa inayopunguza monoamini huleta sonona, na dawa inayozihifadhi huiondoa.

Sehemu iliyobaki ilikuwa imipramini, ambayo haizuii kimeng'enya kile. Mwaka 1961 Julius Axelrod na wenzake, pia katika Bethesda, walionesha kwamba tishu zilizopewa imipramini hufyonza noradrenalini kidogo kuliko kawaida. Maana ya ugunduzi huu inahitaji maelezo. Seli moja ya neva huitumia nyingine ujumbe kwa kumwaga kemikali katika uwazi mwembamba ulio kati yao, uitwao sinapsi. Ujumbe ukishafika, sehemu kubwa ya kemikali hiyo hurudishwa ndani ya seli iliyoitoa ili itumike tena. Imipramini huziba mlango huo wa kurudi, hivyo kemikali hukaa muda mrefu zaidi katika uwazi. Kazi ya Axelrod kuhusu mambo haya ilichangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 1970.

Mwaka 1965 Joseph Schildkraut aliyaunganisha mambo haya katika jarida la madaktari wa magonjwa ya akili la Marekani. Alipendekeza kwamba baadhi ya sonona, kama si zote, huhusiana na upungufu wa noradrenalini katika sehemu muhimu za ubongo. William Bunney na John Davis walichapisha hoja inayokaribiana na hiyo katika mwaka huohuo. Nchini Uingereza, Alec Coppen aliitetea serotonini. Mwaka 1963 yeye na wenzake walionesha kwamba triptofani, malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza serotonini, huongeza nguvu ya dawa za kuzuia monoamini oksidesi. Huko Leningrad, Izyaslav Lapin na Gregory Oxenkrug walitoa hoja yao ya serotonini mwaka 1969.

Ni haki kusema kwamba Schildkraut mwenyewe hakudai amethibitisha jambo. Aliandika waziwazi kwamba wazo lake linarahisisha mno hali halisi ya kibiolojia, na kwamba thamani yake ni kuongoza utafiti. Tahadhari hiyo ilikuwa sehemu ya hoja yake, lakini nadharia ilipotoka maabara kwenda wodini, na kutoka wodini kwenda sokoni, tahadhari iliachwa njiani.

Kulikuwa pia na ushahidi wa mapema uliopaswa kuwafanya watafiti wasite. Mwaka 1955, David Davies na Michael Shepherd wa Hospitali ya Maudsley, London, waliwapa resepini wagonjwa wenye wasiwasi na sonona, katika jaribio lililowagawa wagonjwa kwa nasibu. Matokeo yalikuwa kwamba resepini iliwasaidia. Mwaka 1971 Frederick Goodwin na Bunney, huyohuyo mwandishi wa 1965, walizipitia upya ripoti za resepini. Walibaini kwamba waliopatwa na sonona halisi walikuwa wachache kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba wengi wao walikuwa na historia ya ugonjwa huo kabla ya kutumia dawa. Nguzo kuu ya nadharia ilikuwa na ufa tangu siku ya kujengwa kwake.

5.0 Serotonini Inaingia Sokoni

Katika miaka ya 1970 kitovu cha mjadala kilihama kutoka noradrenalini kwenda serotonini. Sababu moja ilikuwa ya kisayansi. Mwaka 1976 Marie Åsberg na wenzake, huko Stockholm, walipima katika ugiligili wa uti wa mgongo masalia yanayobaki baada ya serotonini kuvunjwa. Waliripoti kwamba wagonjwa wa sonona wenye kiwango kidogo cha masalia hayo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujaribu kujiua. Matokeo hayo yaligusa kundi dogo la wagonjwa, si wote, na baadaye watafiti wengi waliyahusisha zaidi na tabia ya kutenda bila kufikiri kuliko na sonona yenyewe.

Sababu ya pili ilikuwa utengenezaji wa dawa. Imipramini na jamaa zake hugusa mifumo mingi ya mwili. Huleta ukavu wa kinywa na kizunguzungu, na mtu akimeza nyingi kwa pamoja moyo wake huweza kusimama. Dawa inayogusa serotonini peke yake ilitarajiwa kuwa salama zaidi. Zimelidini ya Uswidi iliingia sokoni mwaka 1982, ikaondolewa mwaka 1983 kwa sababu ya madhara adimu lakini makali kwenye neva. Fluoksetini, ambayo David Wong, Bryan Molloy na wenzao wa kampuni ya Eli Lilly walikuwa wameieleza katika chapisho la 1974, iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 1987. Dawa nyingine za aina hiyo zikafuata.

Usalama huo ulikuwa wa kweli na uliokoa maisha, kwa kuwa mgonjwa wa sonona ndiye mwenye hatari kubwa ya kumeza dawa kupita kiasi. Lakini pamoja na dawa kulikuja simulizi. Marekani ilipolegeza masharti ya matangazo ya dawa katika redio na televisheni mwaka 1997, mamilioni ya watu walisikia sebuleni mwao kwamba sonona huenda inatokana na kukosekana kwa uwiano wa kemikali katika ubongo, na kwamba kidonge hurekebisha hali hiyo. Mwaka 2005 Jeffrey Lacasse na Jonathan Leo walilinganisha matangazo hayo na maandiko ya kitaalamu, wakaonesha pengo kubwa kati yake. Wakati umma ulipokuwa ukiikumbatia nadharia hii, watafiti wengi walikuwa tayari wanaiacha.

6.0 Ushahidi Ulioikataa Nadharia

Pingamizi la kwanza lilihusu wakati. Dawa hizi hubadilisha kiwango cha monoamini katika sinapsi ndani ya saa chache, ilhali mgonjwa kwa kawaida huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuhisi nafuu kamili. Kama sonona ingekuwa upungufu tu, kujazwa kwa upungufu huo kungeleta nafuu siku hiyohiyo.

Pingamizi la pili lilihusu uteuzi wa dawa. Kokeini huzuia kurudishwa kwa monoamini kama imipramini, lakini haitibu sonona. Kwa upande mwingine, tianeptini, iliyotumika Ufaransa kama dawa ya sonona, ilielezwa kwa miaka mingi kuwa huongeza kurudishwa kwa serotonini ndani ya seli, yaani hufanya kinyume cha fluoksetini. Dawa mbili zilizodaiwa kufanya mambo yanayopingana zilitumika kutibu ugonjwa mmoja.

Pingamizi la tatu lilitokana na majaribio ya kupunguza serotonini kwa makusudi. Mtu akinywa mchanganyiko wa amino asidi usio na triptofani, serotonini katika ubongo wake hupungua kwa muda wa saa kadhaa. Mwaka 1990 Pedro Delgado na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale waliripoti kwamba wagonjwa waliokuwa wamepata nafuu kwa dawa walirudiwa na dalili baada ya kunywa mchanganyiko huo. Lakini watu wenye afya, wasio na historia ya sonona katika familia, kwa kawaida hawakupatwa nayo, na wagonjwa ambao hawakuwa wakitumia dawa hawakuzidiwa. Matokeo haya yana maana mbili. Serotonini inahusika katika nafuu inayoletwa na dawa za serotonini. Upungufu wake peke yake hautoshi kuleta ugonjwa.

Pingamizi la nne lilitoka katika jenetiki. Mwaka 2003 Avshalom Caspi na wenzake walidai kwamba aina fulani ya jeni inayohusika na kurudisha serotonini humfanya mtu awe rahisi kupatwa na sonona anapokumbwa na misukosuko ya maisha. Dai hilo lilizaa tafiti nyingi sana. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake walilipima pamoja na madai kuhusu jeni nyingine mashuhuri, kwa kutumia data za mamia ya maelfu ya watu, na hawakupata uthibitisho. Uchunguzi mwingine wa mwaka huohuo, ulioongozwa na David Howard, ulibaini tofauti 102 za kijenetiki zinazohusiana na sonona, kila moja ikiwa na mchango mdogo sana.

Mwaka 2022 Joanna Moncrieff na wenzake walichapisha mapitio ya mapitio, wakihitimisha kwamba hakuna ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Mwaka 2023 Sameer Jauhar na wenzake waliwajibu, wakikosoa mbinu za mapitio hayo na kusisitiza kwamba serotonini bado ina nafasi katika sonona. Hata hivyo, pande zote mbili hazikuirudia kauli sahili ya matangazo. Ugomvi wao ulihusu iwapo serotonini ina sehemu yoyote, si iwapo ndiyo chanzo pekee.

7.0 Maelezo Yaliyofuata

Nadharia ya monoamini ilipodhoofika, watafiti waligeukia maswali mengine, na baadhi yao safari hii walianza na mwili wa mgonjwa. Ilijulikana tangu zamani kwamba wagonjwa wengi wa sonona kali huwa na kiwango cha juu cha kotisoli, homoni inayotolewa mtu anapokuwa katika shinikizo. Mwaka 1981 Bernard Carroll na wenzake walipendekeza kipimo kinachotumia deksamethasoni ili kutambua melankolia. Kipimo hicho hakikudumu hospitalini, kwa sababu wagonjwa wengi wa sonona kilipita bila kuwagusa, na baadhi ya wagonjwa wa magonjwa mengine kiliwanasa.

Mwaka 1996 Yvette Sheline na wenzake waliripoti kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa ndogo zaidi kwa wanawake waliowahi kuugua sonona mara kwa mara. Mwaka 1997 Ronald Duman, George Heninger na Eric Nestler wa Yale walipendekeza kwamba shinikizo la muda mrefu hudhoofisha protini zinazolisha seli za neva, na kwamba dawa hufanya kazi polepole kwa kuzirudisha. Pendekezo hili lilikuwa na faida ya kueleza kwa nini nafuu huchelewa: kinachosubiriwa si kemikali kuongezeka, bali seli na miunganiko yake kujijenga upya.

Kisha ikaja ketamini. Mwaka 2000 Robert Berman na wenzake wa Yale waliwachoma wagonjwa wachache dozi ndogo ya dawa hiyo ya usingizi, inayogusa mfumo wa glutamati na si monoamini. Nafuu ilionekana ndani ya siku chache, na mwaka 2006 kundi la Carlos Zarate lilithibitisha nafuu inayoanza ndani ya saa chache. Esketamini, sehemu mojawapo ya ketamini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa sonona iliyoshindikana.

Mwanahistoria hawezi kukosa kuona marudio hapa. Ketamini nayo ilikuwa dawa iliyotengenezwa kwa kazi nyingine. Nayo imezaa dhana kwamba sonona ni kasoro ya glutamati. Iwapo dhana hiyo itakubaliwa kwa sababu tu ketamini inasaidia, njia ya 1965 itakuwa imerudiwa hatua kwa hatua.

8.0 Tathmini ya Mantiki

Kosa la msingi linaweza kuelezwa kwa mfano wa kawaida. Kikombe cha kahawa chungu hufukuza usingizi, na tunajua kwamba kafeini ndiyo inayofanya kazi hiyo. Hakuna anayehitimisha kwamba usingizi ni upungufu wa kafeini. Kitendo cha dawa kinaeleza dawa. Hakielezi chanzo cha hali ambayo dawa imeibadilisha, isipokuwa pawepo ushahidi mwingine unaotoka kwa mgonjwa mwenyewe.

Mfano wa pili unatoka Afrika Mashariki. Mwaka 1953 J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza Hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika katika chapisho la Shirika la Afya Duniani kwamba sonona ni adimu kwa Waafrika. Utafiti wa John Orley na John Wing katika vijiji viwili vya Uganda, uliochapishwa mwaka 1979, ulionesha kinyume: sonona ilikuwapo, tena kwa kiwango kilichozidi kile cha wanawake wa London waliolinganishwa nao. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la nasibu katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai. Walianza na maradhi mawili ambayo wenyeji wenyewe waliyataja, moja likihusu kujichukia na jingine kujihurumia. Waliopangiwa tiba walikutana katika vikundi kila wiki kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, magomvi na mabadiliko ya maisha yao. Dalili zao zilipungua kwa kiasi kikubwa kuliko za wale ambao hawakupata tiba hiyo.

Kama mafanikio ya tiba yangekuwa ushahidi wa chanzo, tungelazimika kusema kwamba sonona ya Masaka na Rakai ilikuwa upungufu wa mikutano ya vikundi. Hakuna mtafiti aliyesema hivyo, na ni sawa. Kipimo hichohicho cha mantiki kilistahili kutumiwa kwa imipramini na fluoksetini.

Lakini mantiki hii hukata pande mbili. Kama mafanikio ya dawa hayathibitishi nadharia, basi kuanguka kwa nadharia hakubatilishi dawa. Mwaka 2018 Andrea Cipriani na wenzake walichambua majaribio 522 ya dawa 21, yenye washiriki 116,477, wakakuta kwamba kila dawa ilizidi vidonge bandia katika kutibu sonona ya watu wazima, ingawa kwa tofauti ya wastani. Mgonjwa anayesoma kwamba nadharia ya serotonini imekosolewa, kisha akaacha dawa ghafla bila kumwona daktari, anafanya kosa lilelile la kufunga dawa na chanzo katika fundo moja, na anaweza kudhurika.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba nadharia tete ya monoamini ilizaliwa kutokana na matukio matatu yasiyopangwa: wagonjwa wa kifua kikuu waliochangamka, dawa ya skizofrenia iliyoshindwa, na dawa ya shinikizo la damu iliyodhaniwa kuleta huzuni. Matukio hayo yaliunganishwa kwa ustadi mwaka 1965, yakiwa na tahadhari za mwandishi wake. Ushahidi usiolingana nayo, yaani isoniazidi ya Cincinnati na resepini ya Maudsley, ulikuwapo tangu mwanzo na haukupewa uzito. Nadharia ilipofika kwa umma ilikuwa imegeuka kuwa jibu, ilhali waanzilishi wake waliitoa kama swali.

Hii haina maana kwamba nadharia ilikuwa bure. Iliwafanya watafiti waichunguze sinapsi, ikazaa dawa zilizo salama zaidi, na ikasaidia kuiondoa sonona katika orodha ya udhaifu wa tabia. Kilichokosekana ni uaminifu wa kueleza mpaka wake.

Kwa msingi huo, makala inapendekeza mambo mawili. Kwanza, wanaoandika maelezo ya sonona kwa Kiswahili, wawe walimu, wauguzi au watafsiri wa vitini vya afya, waepuke kauli kwamba ugonjwa huu ni upungufu wa serotonini. Kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba sonona ni ugonjwa unaohusisha ubongo, mwili na maisha ya mtu, kwamba chanzo chake ni zaidi ya kimoja, na kwamba zipo tiba zinazosaidia, za dawa na za mazungumzo. Pili, wanahistoria wa tiba wachunguze namna simulizi ya kemikali ilivyopokelewa katika hospitali za Afrika Mashariki, ambako ilifika pamoja na dawa zenyewe. Rekodi za hospitali na kumbukumbu za wauguzi wa miaka ya 1960 na kuendelea zinaweza kuonesha wagonjwa waliambiwa nini walipouliza kwa nini wako hivyo.